Kuomba Moto

Nilipokuwa mtoto, kazi yangu ya kwanza kila alfajiri, kabla ya kwenda chuoni, ilikuwa kutazama kama moto wa bibi umelala au umekufa. Moto uliolala ulifukuliwa: majivu yaliondolewa kwa ncha ya kijiti, kaa likaonekana chini yake likiwa bado jekundu, na bibi akainama akalipuliza mpaka kumbi likashika. Moto uliokufa ulikuwa na dawa nyingine. Viberiti vilikuwapo dukani, lakini njiti zake zilihesabiwa kama pesa, na wakati wa masika zilivuta unyevu zikawa hazifai kitu. Basi bibi alinipa kipande cha kumbi la nazi na kunituma nyumba ya pili: "Nenda kamwambie bibi yako, tunaomba moto."

Kuomba moto kulikuwa na adabu zake, ingawa sikumbuki kufundishwa hata moja. Hukwenda mikono mitupu; ulikwenda na kumbi lako mwenyewe, maana jirani hutoa kaa, hatoi na kuni. Hukukaa, ukikaa, kumbi litakuishia mkononi kabla hujafika kwenu, na ndiyo maana mpaka leo mgeni mwenye haraka huulizwa kama amekuja kuomba moto. Hukurudisha ulichopewa, kwani moto haupungui kwa kugawiwa. Lakini siku moto wa jirani ulipokufa, mtoto wake alikuja kwenu na hapakuwa na wa kumwuliza amefuata nini. Na adabu iliyozipita zote ni kwamba moto haukunyimwa mtu kwa ugomvi. Nilishuhudia nyumba mbili za kijijini kwetu, kusini mwa Unguja, zilizokatiana salamu kwa sababu ya mnazi wa mpakani. Watu wake hawakualikana hata arusini, lakini watoto waliendelea kupita baina yake na makumbi yanayofuka. Wazee walisema maji na moto si mali ya mtu mmoja, na wale waliokuwa na elimu ya dini waliongeza kwamba hayo ndiyo mafunzo tuliyoyapokea.

Nililazimika kuyakumbuka hayo ukubwani, nikiwa mwalimu mjini, katika nyumba yenye swichi ukutani. Tarehe 10 Desemba 2009 umeme ulikatika katika kisiwa kizima cha Unguja. Hatukushtuka. Mwaka mmoja na nusu kabla yake, Mei hadi Juni 2008, tulikwisha kukaa gizani karibu mwezi mzima, na tulidhani msiba ule umetufunza yote. Safari hii giza lilidumu kiasi cha miezi mitatu, hadi Machi 2010.

Siku ya kwanza ilikuwa ya mzaha. Siku ya pili ilikuwa ya samaki: kila mwenye friji alipika alichokuwa nacho na kugawa, mtaa mzima ukala changu na nguru kama siku ya sikukuu. Siku ya tatu tukafahamu kwamba hatukukatikiwa taa tu bali na maji pia, kwa sababu maji ya mji huu hupandishwa kwa pampu, na pampu hunywa umeme kabla sisi hatujanywa maji. Mfereji ukakohoa, ukanyamaza. Nyuma ya msikiti wetu palikuwa na kisima cha zamani kilichofunikwa kwa mbao, na juu ya mbao hizo vijana walikuwa wakiegesha vespa zao. Vespa zikaondolewa, mbao zikafunuliwa, na mke wangu akaanza tena kuteka maji kwa kamba, kazi aliyoiacha shamba siku alipoolewa.

Kisha mji ukagawanyika kwa sauti. Wenye majenereta walilala katika ngurumo. Wasiokuwa nayo walilala wakiisikiliza. Mishumaa ikapanda bei, mafuta ya taa yakapanda bei, na vibatari vilivyokwisha kusahauliwa vikatolewa stoo. Wanafunzi wangu walikuja skuli na masizi puani. Mmoja wao, msichana hodari wa insha, alikuwa akiandika kwa kalamu ya risasi ili asubuhi aweze kufuta alichokikosea usiku, nami sikuwa na la kumwambia. Mshonaji wa mtaani akarejea kwenye cherehani ya miguu. Muuza barafu alifunga mlango wake, hakufungua tena.

Barazani kwetu, hata hivyo, watu waliongezeka. Televisheni zilikuwa zimenyamaza, basi waliozizoea wakatoka nje. Paliwekwa kandili moja na redio ya betri. Siku zile redio ilikuwa ikitangaza habari za Copenhagen, mji mkuu wa Denmark, ambako tangu tarehe 7 hadi 18 ya Desemba ile ile wakuu wa dunia walikuwa wamekutana kushauriana juu ya tabianchi na namna mataifa yatakavyoyaacha makaa ya mawe na mafuta. Tukasikia nchi tajiri zikiahidi kwamba ifikapo mwaka 2020 zitakuwa zikikusanya dola bilioni 100 kila mwaka kwa ajili ya nchi maskini. Mtu mmoja barazani akauliza, bila kucheka, kama wanaweza kututangulizia za mafuta ya kandili.

Tulikuwa na mzee mmoja, mshoni wa kofia, aliyekuwa akitunga bila kuandika. Aliizima ile redio ili kuokoa betri, akakaa kimya kitambo, kisha akautoa ubeti huu, ambao naunukuu kama nilivyouhifadhi:

Kiza kimetanda mji, taa zote zimezima,
Mferejini hamji, maji yamekwishakwama,
Twamngojea mpaji, atujie kwa huruma,
Moto wa kuombwa huja, na kwenda ukitazama.

Akaurudia mshororo wa mwisho mara mbili, nasi tukauitikia. Tangu usiku ule nimekuwa nikibishana na mshororo huo. Ulinikera kwa sababu mimi nilikulia katika moto wa kuomba, na sikupata kumwona bibi akiuhesabu kuwa ni aibu wala kuwa ni kitu cha kupita.

Ili nimjibu mzee, ilinibidi kwanza nijue moto wetu umeombwa kwa nani. Umeme wa Unguja huzama baharini Ras Kiromoni, kaskazini ya Dar es Salaam, ukaibuka Ras Fumba. Waya wa kwanza ulilazwa mwaka 1980 kwa msaada wa Norway, ukiwa na uwezo wa megawati 45. Giza lile lilipotufika ulikuwa na umri wa kiasi cha miaka 30, na mji ulikuwa umeuzidi kimo, kama mtoto aliyebakishwa katika kanzu ya mwaka juzi. Nyuma ya waya huo palikuwa na maji ya Mtera na Kidatu, na tangu mwaka 2004, gesi ya Songosongo. Hili la Songosongo ndilo lililonishangaza zaidi. Songosongo ni kisiwa, mkabala na pwani ya Kilwa. Gesi yake hupita katika bomba chini ya bahari, kisha nchi kavu, zaidi ya kilomita 200, mpaka Dar es Salaam. Huko ikachomwa ikawa umeme, na sehemu ya umeme huo ikavuka bahari kuja kwetu. Yaani kisiwa kilikuwa kikikipa moto kisiwa kingine kwa kupitia bara, na katikati ya njia zilisimama fedha za Benki ya Dunia na wakopeshaji wa Ulaya.

Giza lilipokwisha, mikono ikaongezeka. Juni 2010 Pemba, iliyokuwa ikiishi kwa majenereta ya dizeli, iliunganishwa na Tanga kwa waya wa chini ya bahari, nao pia kwa msaada mkubwa wa Norway. Mwaka 2013 Unguja ikapata waya wa pili, wa megawati 100, uliogharamiwa na Marekani kupitia Shirika lake la Changamoto za Milenia na kutengenezwa Japani. Hesabu, msomaji, mikono iliyoishika taa moja ya chumbani kwangu: mvuvi wa Songosongo aliyeiona gesi ikipita chini ya dau lake, fundi wa Kijapani, mlipa kodi wa Oslo na mwenzake wa Chicago, na bahari ambayo haikuulizwa.

Wala watoaji hawa si malaika wasio na moshi. Norway huwasha nyumba zake karibu zote kwa nguvu za maji, ilhali mafuta na gesi yake huwauzia wengine wakachome kwao. Januari 2009, mwaka ule ule wa giza letu, liliundwa Bonn, Ujerumani, Shirika la Kimataifa la Nishati Jadidifu, na makao yake yakawekwa Abu Dhabi, mji uliojengwa kwa mafuta na ambako wengi wetu tuna ndugu wanaotupigia simu siku za Idi. Silisemi hili kwa kejeli. Huenda aliyetajirika kwa moshi ndiye anayejua zaidi kwamba moshi una mwisho. Lakini ni vyema anayeomba amjue anayemwomba.

Sasa nifike pagumu. Mkataba wa Marekani uliotuletea waya wa 2013 ulikuwa ufuatiwe na wa pili, wa kiasi cha dola milioni 472, ambao sehemu yake kubwa ilikusudiwa umeme. Mwezi Machi 2016, baada ya uchaguzi wa marudio uliofanyika Zanzibar tarehe 20 ya mwezi huo, bodi ya shirika lile ikausitisha ushirikiano. Miongoni mwa sababu zilizotajwa ni uchaguzi wetu na sheria ya makosa ya mtandao.

Sitayafukua hapa yaliyozikwa wala yasiyozikika. Kila mtu wa visiwa hivi ana lake juu ya uchaguzi ule, na kurasa hizi si mahali pake. Ninalosema ni hili. Anayetoa mali ya watu wake ana haki ya kuuliza nyumba anayoipelekea inaendeshwaje. Siuoni ubaya wa swali hilo, na mara nyingine wanyonge wa nyumba hiyo hushukuru kwamba yuko wa kuuliza. Lakini yule mama wa kijiji cha bara ambaye nguzo za umeme zilikuwa zimfikie hakuwa na kura katika marudio yale. Yeye alikuwa mtoto mwenye kumbi mkononi, aliyerudishwa mlangoni kwa ugomvi wa wakubwa. Mataifa yana sheria zake, nayo si nyumba mbili zenye mnazi mpakani. Hata hivyo nimejaribu mara nyingi kumweleza bibi, katika fikra zangu, jinsi jambo hili lilivyokuwa la haki, na kila mara namwona akiendelea kuchambua mchele kama mtu asiyesikia.

Tena ugomvi si lazima uwepo. Mwaka ule ule wa 2013 Rais Barack Obama alitembelea mitambo ya umeme ya Ubungo, Dar es Salaam, akiueleza mpango wake wa kuipatia Afrika umeme. Mwaka 2025 mpango huo ulifungwa pamoja na shirika la misaada lililousimamia, na sisi hatukuwa tumemkosea mtu. Jirani alibadilisha nia tu. Na zile dola bilioni 100 tulizozisikia kwenye redio ya betri, kwa hesabu ya Shirika la Ushirikiano wa Kiuchumi na Maendeleo, zilitimia kwa mara ya kwanza mwaka 2022, miaka miwili baada ya ahadi, na sehemu kubwa yake ilikuwa mikopo. Tulidhani tunapewa kaa. Tukapewa kaa na daftari la deni.

Mpaka hapo mshoni wa kofia ananishinda. Moto wa kuombwa huja, na huenda.

Lakini miaka michache iliyopita nilikwenda Kinyasini, kaskazini ya Unguja, ambako tangu mwaka 2015 kiko chuo cha Barefoot kinachowafundisha wanawake wa vijijini ufundi wa umeme wa jua. Asili yake ni Tilonia, kijiji cha Rajasthan, India, ambako chuo mama kilianzishwa mwaka 1972. Serikali ya India iliwagharamia wanawake wa nchi nyingi, wa visiwa hivi wakiwamo, wakakae huko kiasi cha miezi sita. Mwanafunzi alichaguliwa na kijiji chake. Alipendelewa aliye mama au bibi, kwa kuwa huyo akirudi hatahama. Na kutojua kusoma hakukumzuia. Walimu na wanafunzi hawakuwa na lugha moja. Walifundishana kwa rangi za nyaya, kwa ishara, na kwa kurudiarudia mpaka mkono ukazoea.

Nilimkuta mmoja wao, mtu mzima wa rika la dada yangu mkubwa, ameketi mbele ya meza yenye chombo cha kulehemu. Baada ya salamu nikamwuliza habari za safari yake.

"Niliogopa ndege, mwalimu, nikaogopa chakula, nikaogopa na chuma hiki," akasema. "Wiki ya kwanza nililia kila usiku. Huku nyuma watu wakamwambia mume wangu kwamba nimeuzwa."

"Na sasa, dada?"

"Sasa taa ya sheha ikifa huja mwenyewe kwangu. Na anabisha hodi."

Nikamwuliza nani hulipa. Akanieleza kwamba kila nyumba iliyowashiwa taa hutoa fedha kidogo kila mwezi, isizidi ile iliyokuwa ikiteketea katika mafuta ya taa, na kamati ya kijiji huzihifadhi. Betri ikifa, hununuliwa nyingine kwa fedha hizo, na fundi hupata ujira wake. Betri za mwanzo zilikwisha kufa, akasema, na zilizopo sasa hazikuletwa na mtu. Alilisema hilo haraka, kama jambo dogo, huku akimsahihisha mkono msichana wa Kipemba aliyekuwa ubavuni pake akijifunza kushika lehemu.

Nilirudi mjini kwa gari ya abiria nikiutazama mkono ule. Kaa lilitoka Rajasthan, likafika Kinyasini, na mbele ya macho yangu lilikuwa likienda Pemba. Hapakuwa na aliyepungukiwa njiani.

Sitaki kutia chumvi. Taa chache za vijijini haziwezi kupandisha maji ya mji wala kuendesha kiwanda. Jua ni letu, lakini vioo vya kulinasia karibu vyote hutengenezwa China, na bei yake haipangwi Kinyasini. Kobalti inayotiwa katika betri nyingi za simu na za magari hutoka kwa wingi pande za Kolwezi, Kongo, ambako watu husema Kiswahili kama sisi, katika nchi ambayo wengi wa raia wake bado hawana umeme. Ukiona mtu anatoa moto na yeye nyumbani kwake ni kiza, jua kwamba hapo pana kitu kingine, si ujirani.

Nisije pia nikaupamba moto wa bibi kupita kiasi. Bibi alifariki akiwa na macho mekundu yasiyokauka machozi, na kikohozi ambacho hakuna aliyekitafutia dawa, kwa kuwa kila mwanamke wa umri wake alikuwa nacho. Yale makumbi niliyoyapeperusha kwa furaha yalimwingia kifuani miaka 60. Basi niliposikia kwamba tarehe 14 Mei 2024 mataifa yamekutana Paris kwa ajili ya nishati safi ya kupikia barani Afrika, sikuiona kuwa habari ya wakubwa. Miongoni mwa wenyeviti wenza alikuwamo Rais Samia Suluhu Hassan, mzaliwa wa Makunduchi, ambaye bila shaka amepata kuonja moshi wa kumbi, pamoja na Waziri Mkuu wa Norway, ile ile ya waya wa 1980. Ziliahidiwa dola bilioni 2.2. Mwezi huo huo Tanzania ilizindua mkakati wake unaokusudia asilimia 80 ya wananchi wawe wanatumia nishati safi ya kupikia ifikapo mwaka 2034. Kwa mara ya kwanza nilisikia mafiga yakitajwa katika mkutano wa dunia.

Na Januari 2025 ulimwengu ulikuja Dar es Salaam, katika mkutano ambao Benki ya Dunia na Benki ya Maendeleo ya Afrika zilisimamia lengo la kuwafikishia umeme Waafrika milioni 300 ifikapo mwaka 2030, katika kiasi cha milioni 600 wasiokuwa nao. Ahadi zilikuwa nyingi, na ahadi nimekwisha kuzizoea. Kilichonifanya nisogee karibu na redio ni kwamba nchi 12, Tanzania ikiwamo, zilikuja na mipango yake mkononi: zitabadili nini katika sheria zao, zitaunganisha nani kwanza, kwa fedha zipi. Sijui mipango hiyo itatimia kwa kiasi gani. Lakini angalau safari hii watu walikwenda kuomba moto na makumbi yao wenyewe. Mwezi mmoja kabla yake, Desemba 2024, njia kubwa ya umeme baina ya Kenya na Tanzania ilikuwa imewashwa, hata aliyezidiwa mvua aweze kumpa aliyepatwa na ukame. Huo nao ni ujirani, na wa karibu kuliko wa Oslo.

Sasa naweza kumrudia mzee wangu wa kofia, ingawa amekwisha kutangulia mbele ya haki na jibu langu limechelewa. Miaka yote hii nilikuwa nikibishana na nusu ya kwanza ya mshororo wake, moto wa kuombwa huja. Hukumu ilikuwa katika neno la mwisho: ukitazama. Moto huondoka kwa anayeutazama tu. Waya wa 1980 haukututoroka usiku. Ulizeeka mbele ya macho yetu miaka 30, sisi tukiongeza nyumba, hoteli na mafriji, na akiba ya siku ya kukatika hatukuiweka. Mtoaji alikuwa na makosa yake, lakini hakutukataza kulaza moto.

Maana hilo ndilo bibi alilolifanya kila usiku, nami nikalisahau nilipokuwa nikizihesabu adabu za kuomba. Baada ya sahani kuoshwa alirudi jikoni peke yake, akayakusanya makaa pamoja, akayafunika kwa majivu yake mwenyewe, akayapigapiga kwa upawa mkongwe kama anayemlaza mtoto. Usiku wa moto wa kuomba alifanya hivyo kwa uangalifu zaidi. Alfajiri yake hapakuwa na aliyejua tena kaa lipi lilitoka kwa jirani na lipi lilikuwa letu.

Mwezi uliopita umeme ulikatika mtaani kwetu saa chache. Simu ya mama yake mjukuu wangu ilikuwa imekufa, na alikuwa akingoja habari za mgonjwa. Nyumba ya pili wana kioo cha jua juu ya bati. Nikamwona mtoto, ambaye hakupata kumjua bibi yangu wala kushika kumbi, akichukua simu, akapiga hatua mbili, akarudi kuufuata waya wake wa kuchajia, kisha akatoka mbio. Nikamsikia mlangoni kwa watu:

"Hodi! Mama anasema, tunaomba chaji."

Hakukaa.